Kisanduku cha dola 14 na ngozi yenye madoa: jiunge miezi mitatu, jaribu kimoja kimoja

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Niko Houston, Texas, mwaka wa pili sasa. Nyumbani Tanga nilikuwa natumia sabuni na mafuta ya kopo, basi. Huku naona matangazo ya kisanduku cha urembo kinacholetwa kila mwezi kwa dola 14, ndani sampuli tano. Ngozi yangu ni nyeusi, ina mafuta, na chunusi zikipona zinaacha madoa. Nywele ni za kipilipili, sijazitia dawa. Kwa mwezi siwezi kuzidisha dola 25 za urembo. Nijiunge au nitapoteza hela? Na nisivyovitumia, naweza kumpelekea mdogo wangu Tanga?

JIBU: Dada, jiunge, lakini kwa miezi mitatu tu, ukilipa mwezi kwa mwezi. Na kisanduku cha kwanza kisifike kabla hujawa na vitu vitatu vya kudumu: sabuni laini ya uso isiyo na manukato, krimu nyepesi, na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga hiyo) 30 au zaidi. Dola 25 za mwezi wa kwanza zitumie hapo, dukani kwa kawaida, kabla hujaandika namba ya kadi yako popote. Sababu ni rahisi. Ukijaribu seramu mpya, yaani kimiminika chepesi chenye dawa ya ngozi, huku sabuni inabadilika kila wiki, uso ukiwasha hutajua kilichokuwasha ni kipi.

Tuanze na hela. Dola 14 pamoja na kodi ya mauzo ya Houston, asilimia 8.25, ni dola 15 na senti 16. Miezi mitatu ni dola 45 na nusu hivi. Kwenye tangazo utaona maneno kama "thamani ya dola 60". Hesabu ile huwa inapigwa hivi: chupa nzima ya seramu ya mililita 50 inauzwa dola 60, kwa hiyo kila mililita ni dola 1.20, na kichupa chako cha mililita 5 kinahesabiwa dola 6. Hesabu yenyewe haina kosa, ila wewe usingenunua ile chupa ya dola 60, kwa hiyo hukuokoa kitu. Piga hesabu yako: kati ya vitu vitano, vingapi utavitumia mpaka viishe? Vikiwa viwili, kila kimoja kimekugharimu dola 7 na nusu. Vikiwa vinne, ni chini ya dola 4. Ukiona kisanduku cha pili nacho kimekupa kimoja tu cha maana, acha hapohapo, usingoje cha tatu.

Biashara hii ilishika Marekani kuanzia 2010, Katia Beauchamp na Hayley Barna walipoanzisha Birchbox mjini New York. Mwaka uliofuata ikaja Ipsy, ambayo Michelle Phan ni mmoja wa waanzilishi wake. Zote zilianza na dola 10 kwa mwezi. Bei iliwezekana kuwa chini kwa sababu watengenezaji wa vipodozi hutoa sampuli kwa bei ya kutupa, au bure kabisa, wakitafuta mnunuzi wa chupa nzima. Kwa hiyo kila kilichomo kimewekwa ili ukipende ukanunue kikubwa. Hakuna ubaya, na wewe unaweza kukigeuza kikakufaa: tumia sampuli kujua kisichokufaa kabla hujalipa bei ya chupa.

Ila sampuli ina mpaka wake, na kwa madoa mpaka huo uko karibu sana. Angalia vipimo. Lebo za huku zinaandika kwa aunsi, na aunsi moja ya kimiminika ni mililita 29.6. Ukiona 0.17 ni mililita 5, na 0.5 ni mililita 15. Tone moja la seramu ni kama mililita 0.05. Uso mzima unataka matone manne, yaani mililita 0.2, kwa hiyo kichupa cha mililita 5 kinakupa siku 25 ukipaka mara moja kwa siku. Krimu ya mililita 7 inakwenda wiki mbili. Sanskrini ya mililita 15 haifiki hata siku kumi na mbili, kwa sababu uso na shingo vinataka kama mililita moja na nusu kila unapopaka. Kile kipakiti bapa cha karatasi ya fedha chenye mililita moja au moja na nusu ni cha kupaka mara tatu, basi.

Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya ngozi. Madoa yanayoachwa na chunusi huhitaji wiki 8 hadi 12 za dawa ileile kabla hujaona tofauti ya kuaminika. Hakuna sampuli itakayofika huko. Kwa hiyo usiiulize sampuli kama inaondoa madoa, maana haina jibu. Iulize yale inayoweza kujibu: inawasha? Inaziba vinyweleo? Inaacha rangi ya jivu usoni? Harufu yake unaistahimili? Ukiipaka chini ya sanskrini inatoka mabonge-bonge kama ukoko? Hayo unayajua ndani ya wiki mbili, na ndiyo hasa yanayofanya watu watupe chupa za dola 40 zikiwa zimejaa.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaliweki mbele, na kwako wewe ndilo kubwa kuliko bei. Kwenye ngozi nyeusi, kuwashwa kwenyewe kunaacha doa. Krimu iliyokukera siku tatu inaweza kukuachia alama ya miezi kadhaa. Kisanduku kinaleta vitano kwa mwezi, na ngozi yako haiwezi kupima vitano kwa mwezi. Inaweza kupima kimoja, pengine viwili, vya kupaka na kulala navyo. Wengi wanaoharibikiwa hawakupewa kitu kibaya. Walifungua vyote Jumamosi ileile.

Kwa hiyo kisanduku kikifika, kabla hujafungua kifuniko chochote, kaa mezani uvigawe. Upande mmoja weka vinavyobaki usoni: seramu, krimu, sanskrini, dawa za chunusi. Hivyo vinapanga foleni. Upande mwingine vinavyooshwa: sabuni za uso, maski, skrabu. Hatari yake ni ndogo, ila skrabu zenye chembe kali ziweke mbali na chunusi zilizo wazi. Rangi, yaani lipstiki, wanja, poda na rangi ya mashavu, unaweza kuzijaribu wiki hiyohiyo. Vya nywele, kucha na mwili haviingiliani na uso, endelea navyo. Andika tarehe kwenye kila kichupa kwa kalamu ya wino usiofutika, tarehe ya kufika na nafasi ya tarehe ya kufungua.

Cha kwanza kwenye foleni kianze mkononi. Paka kiasi cha punje ya mchele upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni, mahali palepale, siku 7 hadi 10. Siku moja haitoshi, kwa sababu mzio wa ngozi mara nyingi unajitokeza baada ya siku kadhaa. Kikipita, siku tatu kipake chini ya taya karibu na sikio. Kikipita tena, ndipo uso mzima, usiku mmoja ndiyo mmoja hapana kama ni retino (dawa ya jamii ya vitamini A) au asidi ya kuchubua ngozi, kila siku kama ni krimu ya kawaida. Kipe wiki mbili peke yake ndipo uite kinachofuata.

Dalili za kukataa kwenye ngozi yetu hazifanani na picha za mitandaoni zinazoonyesha uso mwekundu. Tafuta joto, muwasho, ngozi kukaza baada ya kunawa, sehemu iliyoiva rangi kuelekea zambarau au kahawia nzito, na ukavu wa jivu pembeni ya pua na mdomo. Ukiona hivyo acha hiyo kitu, rudi kwenye sabuni, krimu na sanskrini zako mpaka pakae sawa, na foleni ingoje. Retino na asidi zinaweza kuongeza vipele wiki za mwanzo mahali unapotokwa na chunusi siku zote, na hivyo hupungua vyenyewe. Vipele vikitokea mahali ambapo hujawahi kuvipata, au vikiwasha, hiyo ni kukataa, wala si "uso unajisafisha". Tangu mwisho wa 2024 lebo ya kipodozi kinachouzwa Marekani inatakiwa iwe na anwani, simu au tovuti ya kupokea taarifa za madhara. Ukivimba macho au midomo, usianze na lebo, nenda hospitali.

Mchanganyiko unaoumiza zaidi hutokana na visanduku vyenyewe: mwezi wa kwanza sabuni ya asidi ya salisiliki, wa pili tona (maji ya kupangusia uso) ya asidi ya glikoliki, wa tatu krimu ya retino. Kila kimoja peke yake hakina neno. Vyote vitatu usiku mmoja vinachubua. Kwa ngozi ya mafuta yenye chunusi, chagua kimoja cha aina hiyo, uanze na salisiliki, ambayo bila cheti cha daktari huuzwa ikiwa asilimia 0.5 hadi 2. Vingine viwili viweke pembeni. Ukiwa na mimba au unaitafuta, retino itoke kabisa kwenye foleni. Na glikoliki inaifanya ngozi iungue kirahisi zaidi na jua, kwa hiyo bila sanskrini asubuhi usiiguse usiku.

Kuhusu hofu ya mkorogo, ambayo mtu wa nyumbani akisoma neno la kung'arisha lazima imjie: kwenye sampuli za kampuni zinazojulikana huku, neno hilo kwa kawaida linamaanisha vitamini C, niasinamaidi (aina ya vitamini B3) au asidi nyepesi. Haidrokwinoni, dawa kali ya kung'arisha ngozi, haiuzwi tena Marekani bila cheti cha daktari tangu sheria ilipobadilika 2020. Soma viungo hata hivyo. Vinapangwa kuanzia kilicho kingi, mpaka unapofika kwenye vilivyo chini ya asilimia moja, ambavyo mtengenezaji anaweza kuvipanga atakavyo. Kwa hiyo niasinamaidi ikitajwa ya tatu ni jambo la maana. Ikitajwa ya mwisho baada ya manukato, imewekwa ili iandikwe. Kipakiti kidogo kikiwa hakina orodha, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uitafute kwa jina kamili la bidhaa. Isipopatikana, kitupe.

Dodoso la kujiunga ndilo linaloamua kama utapata vitu vya maana, na watu wengi hulijibu kwa pupa. Ukisema unapenda kila kitu, utaletewa kila kitu: kope za bandia, poda ya kumetameta, jeli ya nyusi. Weka alama kwenye aina tatu au nne tu. Kwako tungeweka krimu na seramu za uso, sanskrini, nywele, na lipstiki. Faundesheni na konsila, yaani rangi za kufunika uso na madoa, zikatae kama dodoso linakuruhusu, kwa sababu vivuli vya ngozi nyeusi ni vigumu kupatia kwa mtu asiyekuona, na kivuli kilichokosea ni cha kutupa. Kwenye rangi ya ngozi chagua kivuli kinacholingana na taya yako ukiwa karibu na dirisha mchana, usichague kivuli cha kati kwa kusitasita, maana poda na rangi ya mashavu zitafuata jibu hilo. Kwenye nywele chagua zilizojisokota sana. Kama kuna nafasi ya kusema hutaki manukato, iseme. Halafu kila mwezi rudi utoe maksi kwa ulivyopata, pamoja na vibaya. Kampuni zinazopanga visanduku kwa programu hutumia majibu hayo, na kisanduku cha tatu kwa kawaida huwa karibu zaidi na ulichotaka kuliko cha kwanza.

Vya nywele tuseme wazi: shampuu ya mililita 30 kwa nywele nzito za kipilipili ni ya kuosha mara moja, na krimu ya kuacha kichwani ya kiasi hicho haimalizi hata kichwa kizima. Igawe: paka nusu ya kichwa, nusu nyingine tumia ya siku zote, suka mabutu, uangalie kesho yake upande upi umebaki laini. Hilo linajibiwa kwa sampuli moja.

Mambo ya sanskrini yanataka umakini kuliko yote, kwa sababu bila hiyo dawa yoyote ya madoa inapoteza kazi. Zenye madini ya zinki au titani mara nyingi zinaacha weupe wa jivu. Zenye rangi ya kahawia kutokana na oksidi za chuma zinafaa zaidi kwa madoa, kwa sababu mwanga wa kawaida unaoonekana nao unaongeza weusi wa madoa kwenye ngozi zetu, na oksidi hizo zinauzuia kwa sehemu. Paka kipimo kamili, vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikichorwa mstari wa sanskrini toka shina hadi ncha, ungoje dakika kumi, kisha uangalie nje juani. Watu hupaka tone, wanaona haina jivu, wananunua tyubu, na siku wanayopaka kipimo halisi uso unakuwa kama umemwagiwa unga.

Houston ina hatari yake, nayo ni joto. Kisanduku kikikaa kwenye sanduku la barua la chuma mchana wa Julai, vitu vinaharibika. Fuatilia namba ya mzigo, ukitoe siku hiyohiyo. Seramu ya vitamini C iliyogeuka rangi ya chungwa nzito au kahawia imekwisha nguvu. Sanskrini iliyojitenga maji na mafuta haikingi tena sawasawa, itupe. Bami (mafuta mazito ya kupaka) iliyoyeyuka unaweza kuigandisha kwenye friji. Itakuwa na chenga-chenga lakini inatumika. Piga picha ya kilichovuja au kupasuka kabla hujakisogeza, uwaandikie siku hiyo. Visanduku vingi havirudishwi, lakini kilichofika kimeharibika hubadilishwa ukiwahi.

Geuza pia kila tyubu utafute alama ndogo ya kopo lililofunguliwa kifuniko, ndani yake namba kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi tangu siku ya kufungua. Maskara, hata isipoandikwa, ni miezi mitatu, na usimwazime mtu. Sehemu ya kufungulia ikiwa haina karatasi ya kuziba, chungulia: shingo ya tyubu iwe safi, bila mabaki yaliyokauka kwenye nyuzi za kifuniko. Ukikuta mabaki, imeshafunguliwa.

Sasa kadi. Ofa ya kisanduku cha kwanza kwa nusu bei mara nyingi inakufunga kwenye mpango unaojirudia wenyewe, na wa mwaka unakuja kukata hela zote kwa mkupuo mwaka ukipinduka. Soma mstari ulio juu au chini ya kitufe cha kulipia: unataja tarehe ya kukatwa na siku ya mwisho ya kughairi. Weka kengele kwenye simu siku tano kabla. Ukighairi, kurasa za kukubembeleza zitakuja moja baada ya nyingine, zikikupa punguzo au kukuomba uruke mwezi. Kuruka mwezi si kughairi. Endelea mpaka upate barua pepe ya kuthibitisha, uihifadhi, na upige picha ya ukurasa wa mwisho. Sheria ya shirikisho ya 2010 inawataka wanaouza kwa mtindo huu mtandaoni wakuonyeshe masharti wazi, wapate ridhaa yako na wakupe njia rahisi ya kusimamisha makato. Wakiendelea kukata, kama ni kadi ya mkopo pinga malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye kosa itumwe. Kama ni ya akaunti ya benki, unaweza kuiamuru benki isimamishe malipo yajayo angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe yake.

Ya mdogo wako: tenga vilivyofungwa tu, vyenye orodha ya viungo, na ambavyo joto halijaviharibu. Rangi ya kucha na manukato yenye pombe haviruhusiwi kabisa kwenye posta ya Marekani kwenda nje ya nchi, kwa sababu vinashika moto. Nauli ya posta kwa vichupa vinne itazidi thamani yake, kwa hiyo subiri msafiri. Kila sampuli iko chini ya mililita 100, zinaingia kwenye mfuko wa zipu wa lita moja hivi kwenye mzigo wa mkononi. Retino usimpelekee kama hujui hali yake, na asidi usimpelekee bila sanskrini pamoja nayo, maana jua la Tanga analijua mwenyewe. Mfuko ule wa zipu msafiri atoke nao tena: tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya zipu ya kubebea vipodozi inaruhusiwa kuingia kwa sharti kwamba mwenye nayo hataiacha nchini.